Siku Niliyokatazwa Kumwitikia Baba

Miwa yetu ilikuwa imelala chini tangu Jumatatu. Wakataji walikuja, wakaikata, wakaipanga mafungu na kuondoka. Sasa ilikuwa Alhamisi na jua lilikuwa linainyonya. Muwa uliokatwa haungoji. Unakauka, unakuwa mwepesi, na ukikaa zaidi kiwanda kinaweza kuukataa. Sisi tulikuwa tumeulea karibu miaka miwili.

Tinga, trekta ya kuibeba, haikuweza kufika kwa sababu ya baba mdogo. Wakati huo sukari ilikuwa imewapa watu wa upande wetu wa Malava matumaini makubwa, na kila mtu alipanda miwa hadi kwenye ukuta wa jikoni. Njia za zamani zilimezwa. Ikabaki moja, nayo ilipita katika shamba la baba mdogo. Mavuno yaliyotangulia, tinga iliyobeba miwa yetu ilikanyaga migomba yake. Alipolalamika, baba alimwambia hiyo ni migomba tu. Baba mdogo alichimbia magogo ya mkaratusi katikati ya njia, na tangu hapo hakumwitikia baba neno lolote, hata salamu kanisani.

Kwetu kuitikia ni jambo zito. Mtu akizungumza, anayemsikiliza husema "eeh" kila mwenzake anapovuta pumzi, na maneno yanasonga mbele. Ukinyamaza, ni kama umemwambia hayupo. Mimi nilikuwa msichana wa haya. Kuongea mbele ya watu kulinishinda, lakini kuitikia nilijua. Wageni walikuwa wakisema huyu haongeangi, lakini ukimsimulia huchoki.

Ndiyo maana nilichaguliwa. Mwalimu mmoja wa kike kutoka chuo kikuu alikuwa akizunguka vijijini na mashine ya kunasa sauti. Alitaka kujua jinsi sauti zetu zinavyopanda na kushuka tukizungumza, na jinsi msikilizaji anavyoitikia. Siku hiyo alikuwa nyumbani kwa nyanya, mama yake baba, na alikuwa ameomba wana wote wawili waitwe. Baba mdogo alikuja kwa sababu aliyemwita ni mama yake. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, akatugeuzia mgongo.

Mwalimu alitueleza kwamba kwanza angenasa sauti ya kila mtu peke yake, na mazungumzo ya watu wawili yangefuata wiki nyingine. Mimi ningekaa mbele ya baba ili aone uso wa mtu, lakini nisitoe sauti hata kidogo.

Nyanya, aliyekuwa akichambua mboga, alicheka. "Si ungeleta mbuzi," akasema. "Mbuzi angalau angetafuna."

Baba akaanza. Alisimulia mwaka ambao yeye na ndugu yake walipanda miwa yao ya kwanza, wakati gari halikuweza kufika na mbegu, vipande vya miwa, ilibebwa kichwani kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa akinitazama mimi, lakini nilijua hakuwa akinisimulia mimi.

Mwanzoni alikwenda vizuri. Kila alipofika mwisho wa maneno, sauti yake ilipanda kidogo, ikasimama pale juu ikingoja. Ile "eeh" ilinijia kooni nikaimeza. Ilinijia tena nikaimeza tena. Baba akaanza kujikwaa. Akakohoa, akarudi nyuma, akasema jambo alilokwisha kusema. Mwalimu aliniangalia, kidole mdomoni.

"Tukafika mtoni," baba akasema. "Maji yalikuwa yamejaa."

Ikasikika mashine tu, ikizungusha utepe.

"Maji yalikuwa yamejaa," akarudia, polepole zaidi.

Mtu akirudia hivyo, anaomba. Niliutazama mgongo wa baba mdogo. Mabega yake yalikuwa yamepanda karibu na masikio. Nyanya alikuwa ameacha mboga. Niliona kwamba baba akishindwa hapa atainuka aende zake, hatarudi mbele ya ndugu yake tena, na miwa itakaukia pale pale. Lakini nilikuwa nimekatazwa, nikajifinya paja ili nisifungue mdomo.

"Maji," baba akasema, na sauti ikakatika.

"Eeh."

Ilitoka mlangoni, chini chini, kama mtu aliyetoneshwa kidonda. Sidhani baba mdogo alikusudia. Mwalimu alinyoosha mkono azime mashine, akautazama uso wa baba, akaurudisha mkono mapajani.

"Nikaogopa," baba akasema.

"Eeh."

"Ndugu yangu alikuwa mdogo, lakini ndiye aliyetangulia."

"Eeh. Nikakuambia usitazame chini."

"Ukaniambia nitazame mzigo wako."

"Eeh."

Wakavuka mto, wakapanda kilima, wakafika nyumbani na shingo zimekakamaa. Sauti ya baba ilikuwa imepata mwendo wake, na kila alipoacha nafasi, ya baba mdogo iliingia hapo hapo. Lakini hakugeuka. Mbegu ilipokwisha kufukiwa, baba akaongeza jambo ambalo halikuwa la hadithi.

"Ile migomba," akasema. "Nilisema vibaya."

Tukangoja. Baba mdogo hakuitika. Nilihesabu pumzi zangu nikapotea. Utepe ukafika mwisho, mashine ikajizima yenyewe kwa mlio mdogo. Kisha akasimama, akapangusa suruali, akatoka nje. Baba aliinamisha kichwa.

Tukamsikia nyuma ya nyumba akipekua vitu. Alipopita tena mlangoni alikuwa ameshika mtaimbo wa nyanya, ule wa kung'olea visiki.

"Hiyo tinga yako ipite upande wa kushoto," akasema, akiitazama njia aliyoiziba. "Kulia nimepanda migomba tena."

"Eeh," baba akasema.