Khanga Kwenye Mzunguko wa Mwisho

Shule yetu ya kati ilikuwa kubwa kuliko shule zote tulizowahi kuziona, na sisi tuliosoma pale hatukumwacha mtu asahau jambo hilo. Tulitoka Ruangwa, Nkowe, Nandagala, hata Kilimarondo, tukalala mabwenini na kula ugali uliopikwa kwenye mapipa. Kiwanja chetu cha michezo kilisawazishwa na trekta la mashamba ya karanga, kikanyooka mpaka ukiangusha chungwa linakaa hapohapo. Nani mwingine Nachingwea alikuwa na kiwanja cha namna hiyo? Hakuna.

Mwaka wangu wa mwisho, mwalimu wa michezo alitangaza kwamba mshindi wa mbio za maili moja atapanda treni kwenda Mtwara kushindana na shule za jimbo zima. Treni yenyewe tulikuwa tukiisikia tu ikipiga honi, tunaacha hesabu na kukimbilia madirishani. Tangu siku hiyo sikuwa na lingine kichwani. Alfajiri nilikimbia, jioni nilikimbia, nikitumwa maji nilikimbia nayo mpaka yakafika nusu. Mpinzani wangu alikuwa mmoja tu, kijana mrefu wa Kilimarondo aliyekua akifukuza nguruwe pori mashambani. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, ingawa vitanda vyetu vilipakana na sabuni tuligawana.

Siku ya mashindano kiwanja kilifurika. Wazazi walikuja kwa miguu na kwa baiskeli, wakajipanga pembeni mwa mistari ya majivu. Miongoni mwao alikuwamo shangazi yangu, aliyenilea baada ya baba kufariki. Alitembea kutoka Nandagala, na alikuwa hajawahi kuona mashindano ya mbio maishani mwake. Alichokijua yeye ni ngoma. Na kwenye ngoma zetu, anayecheza vizuri hasubiriwi amalize. Anatunzwa palepale katikati ya uwanja, jasho likimtoka.

Filimbi ikalia. Yule wa Kilimarondo akatangulia, nami nikamwacha aringe. Mzunguko wa mwisho nikamfikia, nikampita, na kiwanja kizima kikalipuka. Akina mama wanapiga vigelegele, mwalimu wa michezo anarusha kofia yake juu, na mimi sioni tena watu, naona utepe tu, na nyuma ya utepe naona treni. Nilifurahi hadi nikacheka huku nakimbia.

Hapo ndipo shangazi alipoingia. Alivuka mstari kwa mwendo wa kucheza, mabega yanatetemeka, ameinua khanga mpya kwa mikono miwili. Akasimama mbele yangu, akanifunika nayo kichwa na mabega, kisha akaanza kunifuta jasho usoni, taratibu, kama inavyotakiwa kumtunza mchezaji ngomani. Ningemsukuma? Shangazi? Nilisimama. Nikasikia miguu ya mpinzani wangu ikipita kando yangu. Nilipochomoka, khanga ikinipepea mgongoni, yeye alikuwa ameshakata utepe kwa kifua.

Mwalimu hakuwa na la kufanya: aliyekata utepe ndiye mshindi. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, nikaenda kukaa kwenye nyasi nyuma ya bweni. Shangazi akanifuata, bado anahema kwa furaha, akaketi karibu yangu. Akayaona machozi yangu.

"Baba," akaniambia kwa Kimwera, maana ndivyo alivyozoea kuniita kwa heshima ya kaka yake, "wale kule wanasema nimekuharibia. Kwani ulikuwa hujamaliza?"

Kiwanjani walikuwa wamembeba mwenzangu juu juu, wakimwimbia treni yake. Nikajitanda ile khanga vizuri mabegani.

"Nilikuwa nimeshamaliza, shangazi," nikamjibu.