Raundi ya Mikono Mitupu

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyang'anywa trei. Nilikuwa nimeipanga tangu asubuhi na mapema, vidonge upande mmoja, sindano upande wa pili, pamba katikati, nami nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi likapigika. Nilikuwa kijana wa Garissa mjini, mzaliwa wa mtaa wa Iftin, nimetoka chuo cha uuguzi juzi tu, na nilitaka wodi nzima ijue hivyo. Sista Mkuu, yaani muuguzi msimamizi wa wodi ile, akanisimamisha mlangoni, akaichukua trei mikononi mwangu na kuiweka mezani.

"Hiyo baadaye," akasema. "Kwanza ingia na mikono mitupu."

"Nikiingia bila kitu, Sista, nitafanya nini?"

"Utawajulia hali, mmoja mmoja. Ukimaliza, unanawa, ndipo unachukua trei yako."

Nilikuwa na mdomo wakati ule. Nikamwambia Waswahili husema mkono mtupu haulambwi.

"Waswahili hao hawajawahi kulazwa hapa," akanijibu, akanisukuma ndani.

Ninyi vijana mnaoingia kazini leo, na simu mfukoni inayolia kila mkigeuka, huenda mkaona huo ni upotezaji wa muda. Mimi pia niliona hivyo. Ile ilikuwa wodi ya kifua kikuu, na kazi yake haikuwa ndogo. Matibabu ya wakati ule yalikuwa marefu kuliko ya sasa. Kila siku mgonjwa alidungwa sindano kwenye tako, na vidonge alivimeza mbele ya macho ya muuguzi, kisha anafungua kinywa na kuinua ulimi ili uhakikishe hajavificha. Makohozi ya asubuhi yalitemwa kwenye kikombe chenye kifuniko, yakapelekwa maabara yakatazamwe kwa hadubini. Mgonjwa aliyekatiza dawa tulimwita mtoro, na mtoro alituogopesha kuliko mgonjwa mahututi, kwa sababu vidudu vya mtoro huzoea dawa. Anarudi nyumbani akijiona mzima, analala kibanda kimoja na wajukuu, na kikohozi chake kinakuwa chao.

Sasa fikiri wagonjwa wetu walikuwa nani. Walikuwa wafugaji waliotoka mbali, Wajir na hata Mandera, na jamaa zao walikuwa nyuma ya mifugo, leo hapa, kesho penye mvua. Hakuna aliyekuja na chakula kwenye bakuli jioni. Mtu aliyezoea kuamka na ngamia wake na watoto wake alikaa miezi na miezi kati ya kuta nne, na wanaomgusa ni wale wanaomdunga tu. Hilo ndilo Sista Mkuu aliliona kabla yetu sote.

Alikuwa mwanamke wa Taita, mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokuomba chumvi. Kisomali hakukijua. Mume wake na watoto walibaki milimani kwao, na yeye aliishi peke yake katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya hospitali. Nilimhusudu na kumwogopa kwa pamoja. Vitanda vyote aliviamuru vigeuzwe, miguu ielekee mlangoni, ili mtu amwone anayeingia badala ya kusikia nyayo kisogoni. Akina mama wa Iftin aliwabembeleza mpaka wakawa wanaleta anjera, ile mikate laini ya Kisomali, siku za Ijumaa. Na kila asubuhi alifanya ile raundi ya mikono mitupu yeye mwenyewe, na ole wako uingie na hata kalamu sikioni.

Ndipo akaletwa Mzee Abdi kutoka Diff, kule mpakani. Mpwa wake alimshusha kutoka kwenye lori la mifugo, akatuachia mzee, shuka, fimbo na kibuyu, akapanda lori kurudi. Mzee alimeza dawa bila ubishi, akafungua kinywa bila kuambiwa, kisha akageukia ukutani. Sista alimuuliza habari, akajibu "nzuri" huku akiutazama ukuta. Wiki zikapita hivyo. Makohozi yake yalianza kuwa mepesi, homa ikashuka, lakini mwili ulizidi kukonda. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na mimi niliona kwa macho yangu moyo wa mtu ukifa mwili ukipona.

Siku moja Daktari Mkuu akiwa kwenye raundi yake, Mzee Abdi aliketi kitandani, fimbo na shuka vimeshafungwa pamoja. Akasema kwa Kiswahili chetu cha huku, ambacho p yake ni b:

"Daktari, mimi nimebona. Nataka kwenda. Haba iko watu mingi, lakini mtu hakuna."

Daktari Mkuu alikuwa mtu mwema aliyependa utaratibu. Akamweleza kuhusu dawa, akamweleza kuhusu wajukuu, na mzee akaitikia kila neno bila kufungua ule mzigo. Nje ya mlango Daktari akatuambia askari wa lango apewe jina la mzee, asimruhusu kupita.

"Daktari," Sista Mkuu akasema, "huyu amefukuza fisi na simba tangu utotoni. Askari mmoja mwenye rungu hatamzuia. Niachie mimi."

"Akitoroka je?"

"Akitoroka utanilaumu. Niachie."

Akanivuta kando. "Wewe ni Msomali mwenzake. Kwa nini nikimuuliza habari hanijibu?"

Nikamwambia amejibiwa. Kwa Kiswahili ukiulizwa habari unasema nzuri, hata kama nyumba inaungua, na kila mtu anakwenda zake. Kwetu sivyo. Wafugaji wawili wakikutana njiani, mmoja humwambia mwenzake "Warran", yaani toa habari, na mwenzake huitoa kweli: mvua ilinyesha wapi, majani yako wapi, nani ameoa, nani amezikwa, ngamia gani amezaa. Anayesikiliza hamkatizi. Husema tu "haye, haye", na haondoki mpaka mwenzake amalize. Anayeuliza kisha akapita ni heri angenyamaza.

Sista akauliza, "Kwa hiyo kila asubuhi nimekuwa nikimtusi?"

"Si kumtusi, Sista. Umekuwa ukibisha hodi na kukimbia."

Akacheka, lakini si sana. Kesho yake kitanda cha Mzee Abdi kilihamishwa dirishani, mahali ambapo mtu huona barabara ya soko la mifugo. Sista akaja na mikono mitupu, akavuta kibao, akaketi, akasema kwa matamshi ya Kitaita: "Warran."

Mzee akajibu kwa Kisomali neno moja tu, kwamba ni salama. Sista akasema "haye" na hakunyanyuka. Siku ya pili maneno yalikuwa mawili matatu. Baadaye, sijui kwa nini siku ile na si nyingine, walipita ngamia barabarani, mzee akanyoosha kidole, na mdomo ukafunguka. Akasimulia kisima cha baba yake, akasimulia ukame, akasimulia dume lake la ngamia lililokataa kubeba mzigo wa mtu mwingine yeyote. Yote kwa Kisomali, na Sista hakuelewa hata neno. Nikasogea ili nitafsiri, akanifukuza kwa mkono.

Basi asubuhi moja mzee alifika mahali pa uchungu. Simba alimvamia jike lake bora la maziwa, akamla na mimba yake. Wodi nzima ilikuwa ikisikiliza. Mzee aliinamisha kichwa. Sista, aliyekuwa amechoka na "haye" na kutaka kuonyesha adabu zaidi, akachagua neno zuri alilowasikia Waislamu wakilisema.

"Mashallah," akasema, kwa moyo wake wote.

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Mzee Abdi aliinua uso polepole, akamtazama mwanamke huyu anayempongeza simba, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamletea kikombe, na vitanda vyote vikacheka pamoja naye. Sista akaniuliza mzee alikuwa amesimulia nini. Nilipomweleza alishika mdomo, akamwambia mzee "pole, pole sana", na mzee akamrudishia "bole, bole sana", maana kwa hali ile aliyestahili pole ni Sista.

Nilidhani basi yameisha. Mzee sasa alijua wazi kwamba haeleweki. Kesho yake Sista aliketi akasema "Warran", na mzee akaendelea palepale alipoachia.

Lakini mzigo wake ulikuwa bado umefungwa chini ya kitanda, na mimi niliutazama kila zamu. Likaja lori la mifugo, na dereva wake alikuwa mtu wa Diff. Wodi ikiwa kwenye chai, nikamwona Mzee Abdi anavuka uwanja, ule mzigo wake begani. Askari alikuwa ametazama kwingine. Nikamfuata, nimejiandaa kumwomba, na kumshika nguo ikibidi, kwa sababu nilijua anakokwenda kuna wajukuu.

Alikuwa ameshika mlango wa lori. Dereva akamwambia, "Panda, awoowe." Ndivyo tunavyomwita babu. Mzee hakupanda. Akamkabidhi dereva ule mzigo.

"Wapelekee nyumbani," akasema kwa Kisomali. "Mimi bado."

"Wamekukataza?"

"Hapana. Kuna mwanamke mmoja humu ndani. Ametoka mbali, hana baba wala ndugu hapa, hata lugha hana. Kila asubuhi anakuja mikono mitupu kutafuta mtu wa kuzungumza naye. Nikiondoka, nani atampa habari?"

Nilisimama nyuma ya tairi la lori nikiwa muuguzi mwenye cheti, na machozi yakanitoka. Nilidhani tunamtibu mzee upweke, kumbe na yeye alikuwa na mgonjwa wake. Nilipomsimulia Sista aligeuka akatazama dirishani. "Ameniona," akasema, kisha akaniuliza kwa nini makohozi ya kitanda cha mwisho hayajafika maabara.

Mzee Abdi alimaliza dawa zote. Makohozi yakatoka safi, yakarudiwa yakatoka safi, akaenda kwao kwa miguu yake.

Mimi nikapelekwa Tarbaj, huko Wajir, zahanati ya chumba kimoja na benchi nje. Msimamizi wangu, Afisa Tabibu wa mahali pale, alipenda foleni iende mbio, akaniuliza kwa nini natoka nje bila kitu kila asubuhi kuzungumza na watu wa benchi. Nikamwambia napunguza foleni. Alinicheka, lakini baadaye aligundua kwamba wengine walikuja na kichwa kinachouma na kuondoka bila dawa wakiwa wepesi, na akaanza kutoka nami. Kutoka huko nikapelekwa Diff, na wa kwanza kunitembelea alikuwa Mzee Abdi mwenyewe, na kibuyu cha maziwa ya ngamia. Hakuniuliza mshahara wala cheo. Aliuliza, "Yule mama amepata mtu?" Nikamwambia wodi nzima sasa inamwambia habari. "Haye," akasema. Alikufa uzeeni, baada ya kuwaona vitukuu wake, na hakuna hata mmoja wao aliyekohoa.

Sasa nimestaafu, niko Iftin, na nimegundua kwamba kustaafu ni wodi nyingine. Simu iliyokuwa hailali inalala. Watu wanakusalimu "habari mzee" wakiwa wameshapita. Siwalaumu, wana haraka zao, ila wakati mwingine nasimama mlangoni nikiwa na jibu zima mdomoni.

Mwaka huu nilifunga safari kwenda Taita kumwona Sista Mkuu. Nilibeba haluwa na maziwa ya ngamia, kwa kuwa mtu wa Garissa haendi kwa watu hivi hivi. Binti yake akanipokea getini, akanieleza kwa upole kwamba mama alipata kiharusi, na Kiswahili kimemtoka chote. Kimebaki Kitaita cha utotoni, na wageni wanaokuja siku hizi hukaa kidogo na kuaga, kwa sababu hawajui waseme nini. Nikamkabidhi haluwa na maziwa, nikanawa mikono bombani, nikaingia.

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Sijui kama alinitambua. Nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake.

"Warran," nikasema.

Jicho lake moja likachangamka. Akaanza kusema, polepole, upande mmoja wa mdomo ukiburuta, na mimi Kitaita sijui hata neno. Nikasema "haye". Akaendelea, akainua mkono uliobaki mzima, akaonyesha nje, sauti ikapanda ile ya kuamrisha, ikashuka. Nikasema "haye" tena. Kisha akatua, akanitazama kana kwamba zamu ni yangu, na mimi, kwa kutaka kumpa kitu zaidi, nikasema, "Mashallah."

Binti yake akaangua kicheko mlangoni. "Mjomba, anakueleza jinsi tumbili walivyomaliza mahindi yake yote!"

Nikamgeukia Sista kumwomba radhi. Alikuwa anacheka, upande ule mmoja, mabega yakitikisika, na machozi yanamtiririka. Binti akaniuliza kama aniletee chai sebuleni nikapumzike na safari. Nikamwambia ailete hapa hapa, kwa sababu mama alikuwa hajamaliza.