Mama Rudia na Chaneli ya Kumi na Sita

Kituoni tulimwita Mama Rudia, kwa sababu neno hilo alilisema mara nyingi kuliko salamu. Mtu anapiga kelele redioni, maneno yanagongana, yeye anangoja amalize, kisha anabonyeza kitufe na kusema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai: "Rudia. Polepole. Uko wapi, mko wangapi, mna shida gani." Nimekaa naye meza moja miaka kumi na miwili na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Mwenye mdomo pale ndani ni mimi.

Chumba chetu kiko ghorofa ya pili, juu ya ofisi za bandari. Kuna redio mbili, simu ya mezani, dirisha lisilofunguka, na ramani ya ukutani iliyofifia pale tunapoigusa kila siku. Kuna pia daftari la zamu, ambamo kila kinachosikika huandikwa na saa yake. Kazi yetu ni kusikiliza chaneli ya kumi na sita, ile ambayo kila chombo chenye shida huitumia kuomba msaada.

Sheria yetu inamtaka nahodha wa boti ya biashara awe na cheti cha redio. Mwenye boti ya starehe hatakiwi kuwa na chochote. Ananunua boti Jumatatu, Jumapili yuko katikati ya maji na watoto wa watu. Kwa miaka sita Mama Rudia alikuwa akiandika barua kuomba sheria ibadilishwe, na kila Jumamosi alifundisha bure darasa la redio kwenye klabu ya boti. Walikuja watatu, wanne, siku ya mvua hakuna. Wenye boti walisema ni usumbufu, na kwamba mtu akilazimishwa kusomea redio ataamua kusafiri bila redio. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana ilikuwa ikinichoma roho.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, muuza vigae, mtu wa utani na kicheko kikubwa. Mama yao alipofariki, Mama Rudia ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamwozesha. Mdogo huyo alinunua boti kwa kushirikiana na rafiki zake wawili. Siku moja alikuja kituoni na mfuko wa maandazi, nikamsikia dada yake akimbembeleza.

"Njoo Jumamosi moja tu. Njoo na wifi yangu."

"Dada, mimi nauza vigae, hutaniona naendesha meli. Redio unabonyeza, unasema. Kuna nini hapo cha kusomea?"

"Kuna kusikiliza."

"Hiyo mwachie mke wangu, ndiyo kazi yake tangu tuoane," akasema, akacheka mpaka sisi tukacheka. Nakiri kwamba nilicheka.

Basi ikaja Jumapili moja, upepo ulibadilika baada ya saa nane na maji yakachafuka. Saa tisa na dakika kumi sauti ya mwanamke ikaingia.

"Wifi, ni mimi. Injini imezima na maji yanaingia kwa nyuma. Tusaidie, wifi."

Mama Rudia aliitambua mara moja. Akashika kalamu, akangoja wifi yake aachie kitufe ili amjibu. Hakuachia.

Hapa lazima nieleze, maana walio wengi hawajui. Redio ya majini si simu. Ukibonyeza kitufe, unasema. Ukikiachia, unasikia. Yote mawili kwa pamoja hayawezekani, na ukikishikilia unaiziba chaneli yote kwa kila aliye karibu. Mtu aliyezoea simu hudhani kuachia ni kukata, kwa hiyo anashikilia. Ni jambo la kufundishwa kwa dakika tano, na kwenye darasa la Jumamosi ndilo lilikuwa la kwanza.

"Achia kitufe," Mama Rudia akasema. "Wifi, achia kitufe unisikie."

Tuliusikia upepo, na maji yakipiga ubavu wa boti. Kisha sauti ya mdogo wake, kwa mbali kidogo.

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu."

"Bonyeza kwa nguvu. Usiachie, shikilia hivyo hivyo."

Mimi nilikuwa tayari kwenye simu ya mezani, nikawapata waokoaji, wakawasha mashine. Wakaniuliza swali moja tu, wako wapi? Boti ilitoka klabu saa sita. Wengine huenda kulia, kwenye fungu la mchanga, wengine kushoto, kwenye visiwa, na kati ya huku na huku ni mwendo wa saa nzima. Kituo chetu hakina mtambo wa kuonyesha sauti inatoka upande gani. Wale wawili hawakutaja mahali kwa sababu walikuwa wanangoja kuulizwa. Simu zao zote mbili hazikupatikana. Nikawaambia waokoaji waende kushoto. Nilibahatisha tu, na nilikosea.

"Achia kitufe," Mama Rudia alikuwa akisema. "Mdogo wangu, mwambie mkeo aachie kitufe."

"Hawakusikii," nikamwambia.

"Najua."

Akaendelea. Dakika thelathini na tano tulikaa pale kama watu waliofungiwa nje ya nyumba, huku ndani tunaisikia familia ikizungumza. Tulisikia ndoo ikichota maji. Tulimsikia akimwambia mkewe avae jaketi la kujiokolea, mkewe akamwambia avae lake kwanza, wakabishana kidogo. Tulimsikia akisema, "Dada hawezi kuninyamazia. Jaribu tena." Na yule maskini akazidi kukandamiza.

Saa kumi kasorobo kukawa na kishindo, na chaneli ikawa wazi, safi kabisa, mtu angeweza kusema lolote. Mama Rudia alibonyeza kitufe chake.

"Rudia," akasema.

Wifi yake aliokotwa jioni hiyo na meli ya mizigo, upande wa kulia, karibu na fungu la mchanga. Mdogo wake alipatikana siku ya tatu.

Msibani nilikaa mlangoni na viatu vya watu. Wifi alikuwa ameketi kwenye godoro, midomo imepasuka kwa chumvi, na Mama Rudia alipomkumbatia, wifi alimshika mkono asimwachie.

"Wifi, mbona hukutujibu? Nilikishika kile kitufe mpaka kidole kikafa ganzi. Yeye aliniambia nisiachie, na mimi sikuachia hata kidogo. Kwa nini hukutujibu?"

Mama Rudia alikitazama kile kidole gumba.

"Redio yetu iliharibika siku hiyo," akasema. "Tusamehe."

Redio haikuwa na kasoro yoyote. Nje nilimvuta pembeni, maana nilikuwa nachemka. Nilimwambia amejisingizia bure, ametusingizia sote.

"Ulitaka nimwambieje?" akaniuliza. "Kwamba mumewe nilikuwa namsikia, na kilichonizuia kumwambia neno ni kidole chake yeye mwenyewe, mkewe? Ataishi vipi?"

Mimi mwenye mdomo nikarudi mlangoni, kwenye viatu vya watu.

Miezi miwili baadaye kamati aliyokuwa akiiandikia barua ikaitisha kikao cha wazi kuhusu vyeti vya redio. Ndicho alichokipigania miaka yote sita. Mezani walikaa mwanasheria, mwenye hoteli, mhazini wa klabu ya boti na karani, wala hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukesha na redio. Mimi nilipakata daftari la zamu. Mama Rudia alikuwa bado hajaitwa wakati wifi yake aliposimama katikati ya watu, na nguo zake za eda, akaomba kusema.

"Mnazungumzia vyeti," akasema. "Sisi tulijua kuitumia. Nilibonyeza, nikasema, nikashikilia nusu saa nzima bila kuachia. Cheti kingenisaidia nini? Mume wangu amekufa kwa sababu mitambo ya kituo ni mibovu. Watengenezeeni redio hawa, muache kuwasumbua watu na karatasi."

Ukumbi ukapiga makofi. Mkuu wetu wa kituo, ambaye siku zote analilia mitambo mipya, alitikisa kichwa kukubali. Ndani ya ukumbi ule tulikuwa wawili tu tulioelewa alichokisema yule mjane. Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa Jumapili ile. Mama Rudia akaweka kiganja juu yake.

Mwanasheria akamgeukia.

"Mama, wewe ndiye uliyekuwa zamu. Alivyosema ni kweli?"

Wifi yake alikuwa anamtazama. Mama Rudia akasimama.

"Ni kweli," akasema. "Alifanya kila kitu sawasawa."