Aya ya Dada

Tulipomaliza matanga ya mama kule Mwera, mwaka huu, mdogo wangu wa kiume alisema tusitawanyike kabla ya kusoma Neno pamoja, kama zamani. Tukakaa ukumbini mkekani. Kila mmoja akatoa simu yake. Sura ikapatikana, lakini tafsiri hazikufanana, na kati ya wenzangu hakuna aliyekumbuka nani anaanza. Mwishowe mdogo wangu akaisoma yote peke yake, tukaitikia amina, wenzangu wakaenda kufunga mizigo. Mimi nilibaki nimekaa. Mimi nilikumbuka.

Ngoja nikusimulie, ndugu yangu, maana huenda nawe ulilelewa hivyo.

Baba alifanya kazi katika shamba la mkonge, na nyumbani tulimwona mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo aliyetulea katika Neno ni mama. Wakristo pale kijijini tulikuwa wachache. Alasiri watoto wa majirani walikuwa chuoni wakisoma Kurani kwa sauti moja, na sisi tulikuwa tunateka maji na kufua nazi, masikio yetu yamejaa sauti zao. Jua likianza kushuka, mama alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi, kisamvu kikatokota, na harufu ya tui ikajaa ua mzima. Hapo ndipo Biblia ilipofunguliwa. Hatukula kabla ya kusoma, nasi tulisoma kwa haraka, kwa njaa.

Tulipokezana aya. Mama alianza, dada akafuata, kisha mimi, kisha mdogo wangu ambaye hakujua kusoma na alirudia tu anayoambiwa. Dada alikuwa na sauti yenye mkwaruzo kidogo. Akikaribia mwisho wa aya yake alipunguza mwendo, ili niwahi kuweka kidole changu mahali pangu. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alishangaa kunikuta najua kusoma. Hakujua kwamba nilikuwa nikimfuata dada tu, neno kwa neno, kila siku.

Aya mama alituchagulia mwenyewe. Kondoo na mchungaji wao, maua ya kondeni, watoto wakibarikiwa. Nilikua nikidhani Biblia nzima ni ya kubembeleza.

Nilipokuwa darasa la tatu, masika, dada alishikwa na homa. Ilianza kama homa yoyote. Mama akampa dawa, akamkanda kwa maji. Asubuhi ya pili dada akawa anaweweseka, hatutambui. Barabara ilikuwa tope tupu, gari halipiti, majirani wakampakia kwenye baiskeli kumpeleka hospitali Pangani. Mama alitembea pembeni akimshikilia, akiomba kwa sauti zile aya zote nzuri alizozijua kwa moyo. Jioni walirudi naye amefunikwa shuka.

Majirani ndio waliopika. Mama wa nyumba ya pili, Mwislamu, alileta ubwabwa, akakaa sakafuni na mama muda wote wa matanga. Baba, aliyekuja kuzika, alipokwenda tena kazini, bibi mzaa mama, aliyekuwa amekuja kutoka Muheza, alibaki nasi. Mama alipika, alifua, alituogesha, lakini Biblia hakuigusa. Jua lilishuka, tukala. Sasa chakula kilikuja mapema kama tulivyokuwa tukitamani, na hakuna aliyekuwa na hamu nacho.

Jioni moja jirani yule alikuja kurudisha ungo. Akamwambia bibi kwamba zamani akitusikia tunasoma alijua ni wakati wa kuwaita wanawe ndani. Sasa nyumba imenyamaza, na yeye mwenyewe hana raha. Kesho yake bibi aliitoa Biblia kwenye sanduku. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, akisoma kwa kuunga silabi, kidole kikitambaa. Hakuchagua. Pale ilipofunguka ndipo aliposoma, nayo ilifunguka pale yule mtu mwadilifu, aliyefiwa na wanawe wote, anapoilaani siku aliyozaliwa.

Mama alikuwa anachagua mchele. Mikono yake ikasimama.

"Na hayo yamo humo?" akauliza.

"Mimi nasoma yaliyomo, mwanangu," bibi akasema. "Sikuyaandika mimi."

"Mcha Mungu ndiye anasema hivyo?"

"Ndiye. Na Mungu yumo anamsikiliza. Hebu endelea wewe, macho yangu yamechoka."

Mama akapangusa mikono, akaipokea. Alisoma mpaka katikati ya sura, sauti ikamkatika, akalia kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Bibi hakumnyamazisha. Alimwacha alie, na alipotulia akamwonyesha kwa kidole pale alipoishia.

Tangu siku ile tulisoma tena, lakini hatukuchaguliwa aya tena. Tulipita kwenye maombolezo, kwenye zaburi za watu wanaomuuliza Mungu amejificha wapi. Jioni ya kwanza ya kupokezana, mama alimaliza aya yake, nami nikaweka kidole kwenye iliyofuata.

"Subiri," mama akasema. "Hiyo ni yake."

Tukanyamaza kiasi cha aya moja, macho yetu kwenye ukurasa. Kisha akanitikisia kichwa, nikaanza yangu. Ndivyo tulivyosoma miaka yote ya utoto wangu iliyobaki.

Kanisani vijana huniuliza imani yangu ilikua lini. Nadhani wanategemea niwatajie mkutano mkubwa wa injili, au ndoto. Nawaambia ilikua kidogo kidogo, njaa ikiniuma, kwenye mkeka ule, nikijifunza kwamba huzuni yetu ilikwisha kuandikwa humo kabla hatujazaliwa, na kwamba Mungu hakuifuta. Mume wangu alipofariki nilijua pa kufungua. Nililia na kusoma kwa pamoja, kama nilivyomwona mama akifanya.

Bibi alishatangulia. Jirani yetu wanawe walimhamishia mjini, naye akafia huko. Nyumba ya Mwera tumeifunga. Mdogo wangu anasema paa halivuki masika mawili. Ile Biblia ya mama ninayo, lakini nimegundua kwamba kitabu hakikuwa kitu chote. Tulikuwa watu, tumekaa kwa mpangilio wetu, tukijuana hata kwa pumzi. Siku hizi jioni nasoma kwa sauti hapa nyumbani kwangu Usagara, zamu zote nne, hata ile ya dada, mpaka koo linakauka.