Sahani ya Kwanza

Filamu ya wifi yangu Kahaso ilipoonyeshwa Ukunda, ukumbi mzima ulilia pale mama mkwe anapokula. Dada mmoja mbele yangu alilia mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Mimi niliwatazama tu. Wenzangu, nyinyi mlikuwa mnaililia sahani ya pili. Ya kwanza hamkuiona, na hamtaiona.

Kahaso ni Mduruma wa kule Kinango, binti wa watu wa kanisa na ng'ombe. Kaka yangu Kibwana alikwenda huko kuchimba visima, akarudi Msambweni na habari za mke. Akamuoa kwa nikaha, na Kahaso akabaki na kanisa lake. Shehe mwenyewe alisema dini inaruhusu, lakini midomo ya watu haikumsubiri shehe. Huku kwetu akaitwa "yule wa Kinango". Kwao nako wakasema huyo ameshapotea, siku hizi ni mtu wa pwani. Yaani huku si wetu, kule si wao. Basi aishi wapi, hewani?

Kazi yake ni kupiga video za arusi, upande wa wanawake. Upande ule mwanamume haingii, na kamera yake ndiyo kabisa, maana watu wamevua mabuibui na wamejipara. Kwa hivyo Kahaso anatafutwa kutoka Diani mpaka Vanga, na anaaminika. Picha ya mke wa mtu haijawahi kutoka mikononi mwake ikaenda kwa mwanamume. Kamera yake ina kitaa chekundu mbele. Kikiwaka, kina mama hunyoosha migongo na kula biriani kwa ncha za vidole. Kikizima, ehee, hapo ndipo utaona mifupa inavyofyonzwa! Na anayewagutusha wenziwe siku zote ni mama yangu, Bi Hanifa: "Kaeni vizuri nyinyi, taa imewaka!"

Mama nampenda, lakini kichwa chake kigumu. Uwanja wetu ni mmoja, nyumba yake na ya Kibwana zinatazamana. Tangu Kahaso aolewe, Mama hakuwahi kula chakula cha mkono wake. Si kwamba alimtukana, la. Salamu nzuri, na Kahaso akiugua humchemshia tangawizi. Lakini sahani ikija tu: "Nimeshakula, mke wa Kibwana." Kuku wa nyumba ile huchinjwa na Kibwana mwenyewe, tena Kahaso humtaka amchinjie karibu na dirisha la Mama, ili asikie bismillahi kwa masikio yake. Wapi! "Leo nimefunga."

Mpaka siku moja ya Idi sinia la pilau likaletwa, Mama akasema amefunga. Idi! Siku ambayo kufunga ni haramu kwa Waislamu wote duniani! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kahaso hakucheka. Alilirudisha sinia lake jikoni, nami nikamfuata, nikamkuta amesimama tu, bado amelishika.

"Wifi," akaniambia, "mimi hata sitaki anipende. Nataka ale tu."

Maneno yale yaliniuma, sitaki kusema uongo.

Ndipo akaanza ile filamu. Hakukuwa na kampuni wala mfadhili. Kamera ni ileile ya arusi, na waigizaji ni sisi majirani. Hadithi ni ya msichana wa Kinango aliyeolewa pwani, kila upande ukimwona ni wa upande mwingine, na mwisho wake mama mkwe anakula kwake.

Nikamwuliza, "Na huo mwisho umeuona wapi?"

"Sijauona. Ndiyo maana nautengeneza."

Mama mkwe wa filamu alikuwa Husna, jirani yetu muuza mbaazi na mahamri. Siku ya kupiga picha za kula, Kahaso alipika wali wa nazi na kuku wa kupaka, akatandika mkeka uwanjani. Mama naye akatoa kiti chake mlangoni kwake ili atazame na kukosoa. Kitaa kikawaka, Husna akala. Yarabi! Kila tonge anakunja uso, anapepesa macho, anatazama mbinguni.

Mama hakuvumilia. "We Husna! Unakula au unameza mwarobaini?"

Kahaso akasimamisha kamera.

"Bi Hanifa, mimi naigiza uchungu," Husna akajitetea.

"Uchungu gani? Mama mkwe akija kula hakunji uso. Ana haya. Hebu ondoka hapo."

Nilidhani anakwenda kumwonyesha namna ya kukaa tu. Mama akaketi mkekani, akakunja miguu, akanawa mikono. Kahaso alisimama nyuma ya kamera bila kujitikisa. Mama akasema bismillahi, tena kwa sauti ya chini, akafinya tonge la wali na mnofu wa kuku, akatia kinywani. Akatafuna. Akachukua jingine. Hakumtazama mtu, alitazama sahani, akala polepole mpaka paja la kuku likabaki mfupa. Kisha akaufyonza ule mfupa, wallahi, mama yangu huyuhuyu!

Husna alikuwa analia. Mimi nilikuwa nalia. Kahaso machozi yalimchuruzika mpaka kidevuni na wala hakuyafuta. Mama akanawa.

"Haya," akasema. "Hivyo."

Kahaso akainama kuitazama kamera, akapiga ukelele. Tangu alipoisimamisha kwa ajili ya Husna, hakuibonyeza tena. Haikunasa kitu. Mtu aliyepiga video za arusi zote za pwani hii! Akaanguka mchangani, mikono kichwani, na mimi hasira zikanipanda.

"Sasa nani atamlisha tena huyu? Kesho si atakwambia amefunga!"

"Mwanasha, nyamaza," Mama akasema. "Nilijua haikuwaka."

Sote tukamgeukia.

"Nimekaa arusi ngapi mbele ya kamera ile? Nilipoketi nilitazama kitaa kwanza. Nilipoona kimezima, nikasema alhamdulillahi, sasa naweza kula." Akachezea pindo la leso yake. "Mara ya kwanza nilikataa kwa ujinga, Kahaso. Zile nyingine nilikataa kwa haya. Kila nikikaa zaidi, haya zinazidi. Nisingeweza kuanza kula chakula chako mbele ya watu wa Ukunda watakaoitazama filamu."

Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina lake. Kahaso alitambaa mpaka mkekani, akalaza kichwa mapajani mwa Mama, na Mama akamwacha alie, akimpangusa uso kwa ile leso. Husna alitaka kusema neno, nikamfinya.

Kisha Mama akamsukuma taratibu begani.

"Inuka, mwanangu. Pakua sahani nyingine, uwashe taa yako. Na safari hii utie ndimu."