Kilemba cha Balbir na Paa la Gari la Kimarekani

Safari yangu ya Uingereza ilianza na barua ya sentensi mbili. "Jasi anaolewa. Njoo, na uje na nyundo zako." Aliyeiandika ni Balbir, Kalasinga wa Makupa, ambaye kwa miaka mingi tulikuwa na gereji moja pale Mombasa: yeye injini, mimi bodi. Aliondoka mwaka ule Wahindi wetu walipokuwa wakigombania ndege za Uingereza kabla mlango haujafungwa. Alimchukua mkewe Harjit na binti yao Jasi, lakini gari lake la Kimarekani, refu kuliko duka lililotutazama, alimwachia mnunuzi ambaye baadaye alilipakia mbuzi. Jasi alilia siku ile. Balbir akampigia magoti palepale barabarani, akamwambia kwamba siku ya harusi yake atampeleka yeye mwenyewe, kwa gari la Kimarekani, usukani mkononi mwake. Mtoto akanyamaza. Wazazi husema mengi ili watoto wanyamaze, lakini Balbir akishatoa neno hulishika kama kupe.

Mke wangu aliposikia habari ya nyundo alicheka mpaka akakaa chini. "Watu huenda harusini na zawadi," akasema. Nikamwambia zawadi ni mimi. Akanifungia halua na chupa ya achari ya maembe, asije akaaibika kwa Harjit, nami nikapanda treni hadi Nairobi na ndege kutoka huko. Kuhusu ndege sina la kusema ila kwamba chakula kililetwa katika visahani vya watoto kuchezea, na kwamba niliogopa.

Heathrow, asubuhi. Afisa wa forodha, kijana mwenye masikio mekundu, aliufungua mfuko wangu na kuniuliza nimekuja kufanya nini Uingereza.

"Harusi," nikamjibu kwa Kiingereza changu cha gereji.

Akatoa nyundo ya kwanza. Akatoa ya pili, ile ya kichwa cha mviringo. Akatoa ya mpira, na vipande vya chuma tunavyoshikilia nyuma ya bati tunaponyoosha. "Na hizi?"

"Za harusi."

Akamwita mkubwa wake. Mkubwa hakuzijali nyundo. Aliifungua chupa ya achari na kuinusa kwa pua nzima. Machozi yakamtoka, akanipungia mkono nipite. Mbele ya kizuizi alikuwa amesimama Balbir, ndevu zimekuwa nyeupe, koti jingine mkononi kwa ajili yangu. Tulikumbatiana mpaka watu wakatuzunguka kupita.

Hayes iko jirani na uwanja wa ndege, na ndiko alikokuwa akiishi, katika nyumba iliyoshikana na ya jirani kiasi kwamba mwenzio akikohoa unamwambia pole. Njiani alinieleza kazi yake: anapanga maboksi ghalani. Mtu aliyekuwa akiisikia injini tangu kona ya barabara na kukwambia inaumwa nini! Niliona uchungu, nikatazama dirishani. Yeye akaendelea kuongea bila kupumua. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko alipokuwa Makupa, maana kule alikitumia kwa kugombana tu, na huku alikuwa akikiwekea akiba.

Harjit alinipokea mlangoni. "Athumani bhai, karibu! Mwambie hii ndugu yako, akili yake iko potea. Harusi iko Jumapili ya wiki ijayo, yeye iko analala na gari."

"Hello, Uncle," akasema Jasi, sasa mwanamke mzima, karani wa ofisi Harrow. "You look frozen." Niliposema naye kwa Kiswahili alinielewa neno kwa neno na kunijibu kwa Kiingereza, huku akinivua koti na kunivisha zito zaidi.

Kabla chai haijapoa nilipelekwa kwenye banda. Lilikuwa banda la bati nyuma ya nyumba ya Mwingereza mmoja aitwaye Len, ambaye asubuhi alikuwa akisambaza maziwa na mchana akivaa koti la ngozi na kupaka nywele mafuta mpaka zing'ae. Len na wenzake walikuwa na ugonjwa mmoja: walitafuta magari ya zamani ya Kimarekani, wakayafufua, kisha wakayageuza yatishe. Balbir aliuona mlango wa banda hilo uko wazi siku moja akitoka kazini, akasikia injini ya silinda nane ikikosa moto, akaingia bila kubisha. Tangu hapo walimwita Bill.

Len aliponiona alinyoosha mkono juu. "Nyundo!" akaniamkia.

Nikadhani nimesikia vibaya. Lakini mwenzake aliyekuwa chini ya gari akaomba bisibisi, na mwingine akamtupia, na ndani ya dakika chache nikasikia tindo, koleo, na hata "polepole, basi!" ya kuelekeza gari likirudi nyuma. Kumbe Balbir alikuwa akitaja vifaa kwa majina ya Makupa, na wao wameyachukua kama yalivyo. Tulipoongea kidogo, mimi na Balbir, Len alinishika bega kwa furaha. "Sikujua kwamba Waafrika mnasema Kipunjabi kizuri hivi."

Nikamtazama Balbir. Balbir akatazama viatu vyake.

Gari lenyewe, alilolinunua Balbir kwa pesa za maboksi, liliachwa na wanajeshi wa Kimarekani baada ya vita, likakaa kwenye banda la kuku la mkulima, na kuku walilitendea walivyopenda. Lilikuwa na kiti cha watu wawili mbele, usukani kushoto, na nyuma kifuniko kinachofunguka kuwa kiti kingine cha nje, mahali pa buti. Injini Balbir alikuwa ameimaliza. Ilinguruma mpaka makopo yakacheza kwenye rafu. Lakini madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, walikuwa wameyang'oa kwa makusudi! Kwetu gari likija bila madigadi tunampa mwenyewe pole. Hawa walipeana mikono.

"Sasa lililobaki ni paa," Balbir akaniambia. "Sikiza. Twakata nguzo za madirisha, twatoa kipande, twalirudisha paa chini. Liwe limeinama, kama lamvizia mtu."

"Paa zima, halina kutu, mwalikata?"

"Ndiyo mtindo, Athumani. Ndiyo maana nimekuita wewe. Len akichomelea, waona kovu."

Nilivimba kichwa, sitakataa.

Jumamosi tulipima. Balbir alikuwa ametoka kazini, na kichwani alikuwa na kile kitambaa cheusi cha kufanyia kazi, kimefungwa kikakaza kama ngozi. Akakaa kwenye usukani. Len akashika ubao juu ya kichwa chake na kupitisha vidole viwili katikati. "Inatosha," akasema. Nami nikasema inatosha. Harjit, aliyekuja na vikombe, akasema chai inapoa.

Wiki nzima nilifanya kazi ile, na sijawahi kufanya nzuri zaidi. Nilikata, nikaunga, nikanyoosha kwa nyundo zangu, nikapitisha kiganja mpaka kiganja kikasahau mahali pa maungio. Wenzake Len walikuja mmoja mmoja kupapasa nguzo na kuondoka wakitikisa vichwa. Tulilipiga rangi ya zambarau. Kwa paa lile la chini lilionekana limekunja uso, na hata mimi, niliyelipinga, nilianza kulipenda.

Siku moja kabla ya harusi, mchana, Balbir alitoka nje ya nyumba akiwa amejaribu mavazi yake. Suti ya kijivu, na kilemba cha rangi ya waridi cha kitambaa kirefu kama barabara, kimepangwa mkunjo juu ya mkunjo, kimesimama. Alipendeza, wallahi. Gari lilikuwa mbele ya mlango, majirani wako madirishani. Akafungua mlango, akaingiza mguu, akaingiza kiwiliwili, na kilemba kikabaki nje.

Akatoka. Akajaribu kuanza na kichwa. Kichwa kiliingia, lakini alipokaa wima bati lilikisukuma kilemba mpaka kwenye nyusi. Akajaribu kulaza shingo begani, na kwa namna hiyo aliweza kukaa, kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani, ila barabara aliiona nusu, tena imelala ubavu. Tukang'oa kiti. Tukamkalisha sakafuni juu ya gunia. Kilemba kikapata nafasi, macho yakawa chini ya kioo.

"Bill," akasema Len taratibu, "si ukivue tu? Mpaka mlangoni pa hekalu. Ukifika unakivaa."

Harjit akaweka mkono mdomoni. Balbir akamtazama Len kutoka sakafuni, bila hasira.

"Len, kesho wewe waja harusini?"

"Ndiyo."

"Njoo bila suruali. Mpaka mlangoni tu. Ukifika utaivaa."

Len akawa mwekundu hadi shingoni na kuomba radhi. Mimi nilikuwa najilaumu na kumlaumu kila mtu: vichwa vya watu wazima vinne vilikuwa pale siku ya kupima, hakuna hata kimoja kilichouliza harusini mwenzetu atavaa nini. Harjit akasema lipo gari la kukodi la mashangazi, Jasi atakwenda nalo, na baba yake atafuata kwa basi la ndugu. Balbir alibaki kwenye gunia, mikono juu ya usukani, kilemba kimemwendea upande. Miaka yote ya maboksi aliivumilia kwa ajili ya asubuhi moja, na asubuhi yenyewe ilikuwa ikimponyoka kwa upana wa vidole vitano. Sikuweza kumtazama.

Ndipo Jasi akatoka. Alikuwa ametiwa hina saa hiyo hiyo, mikono ameinua juu ili isiguse kitu, kama aliyenyang'anywa na majambazi. Akalizunguka gari, akamtazama baba yake, kisha akanitazama mimi, na Kiswahili kikamtoka kizima kama vile hakikuwahi kuondoka.

"Ami Athumani, lote. Likate lote."

"Paa langu?" nikasema. Ndilo lililonitoka, na bado naona haya.

"Lote," akasema.

Nikaenda kuchukua msumeno. Len alitaka kunisaidia, nikamkataza. Kazi yangu nizike mwenyewe. Nguzo zile ambazo hakuna jicho lililoona maungio yake nilizikata moja baada ya nyingine, tukalinyanyua paa na kuliweka kwenye bustani, juu ya vitunguu vya Harjit. Balbir akarudisha kiti, akaketi, akainua kichwa. Juu ya kilemba palikuwa na mbingu tu.

Jumapili mbingu hiyo ilinyesha. Haikuwa mvua yetu ya kushuka na kwisha, bali ile yao nyembamba isiyo na haraka. Tuliondoka Hayes kwenda hekaluni Southall: Balbir kwenye usukani, Jasi kando yake kwa nguo nyekundu, na mimi nyuma, kwenye kile kiti cha buti, nimesimama nusu na kumshikia bibi harusi mwavuli. Rangi ya waridi ilianza kuteremka kwenye ndevu za baba yake. Kila tulipopita, madirisha yalifunguka kwa ngurumo.

Kwenye mzunguko wa barabara polisi akatuinulia mkono. Alilitazama gari lisilo na madigadi wala paa. Akamtazama bibi harusi, ndevu za waridi, na Mwafrika aliye kwenye buti na mwavuli. Balbir alikuwa amejizoeza Kiingereza cha polisi kwa miaka, lakini hofu ikamrudisha Makupa.

"Shikamoo afande," akasema. "Twaenda harusini."

Polisi akafikiri kidogo. Kisha akapiga saluti, akageuka, akasimamisha magari ya pande zote, tukapita kama wafalme.

Hekaluni, Harjit alikuwa langoni na akina mama, mashada mikononi. Balbir alitakiwa ashuke mapema awapokee watu wa bwana harusi. Harjit akatupungia. Tukampungia. Tukapita.

"Papa, umepita," akasema Jasi.

"Breki zina ubishi," Balbir akajibu, akakata kona.

Tulizunguka ukuta wa nyuma na kurudi langoni. Harjit alipunga kwa mikono miwili. Tukapita tena. Safari hii watu wa bwana harusi walikuwa wanateremka kwenye basi lao, nao wakatupungia, wakidhani ndiyo mila ya Makalasinga wa Mombasa. Breki zile alizitengeneza yeye mwenyewe, na mimi niliziona zikisimamisha gari juu ya shilingi. Nikaushika mwavuli. Tulipozunguka tena, Jasi akaweka mkono wake wenye hina juu ya mkono wa baba yake, pale kwenye gia, akauacha hapo. Balbir akavuta pumzi ndefu. Gari likasimama mbele ya lango, polepole, bila ubishi wowote.

Nilirudi Mombasa siku chache baadaye. Hapa mtaani wananiuliza nimeona nini London, nami husema nimeona ukuta mmoja, mara nyingi. Wakiniuliza nimejifunza nini, huwapa jibu alilonipa Balbir uwanja wa ndege tulipokuwa tukiagana. Nilikuwa nimemuuliza breki zile siku ile zilipatwa na nini. Akanitengenezea kola ya koti, akakohoa, akatazama kando.

"Athumani," akasema, "mimi niliahidi kumpeleka. Kumshusha sikuahidi."