Lebo Iliyodondoka Kwenye Faili la Maji

Nisikilize taratibu, wewe ambaye pengine hujawahi kufungua faili la data maishani mwako. Neno hilo lisikutishe. Umewahi kuona gunia la korosho ghalani, na lebo imeshonwa mdomoni: zimetoka wapi, ni daraja gani, ni za msimu upi. Ing'oe lebo hiyo. Korosho zitabaki zile zile, haitapungua hata moja, ila hakuna tena atakayejua ananunua nini. Faili la data liko hivyo hivyo. Ndani mna namba, na pembeni ya namba mna maneno machache yanayoeleza namba hizo ni za nini, zimepimwa kwa kipimo gani na zimeanza kuhesabiwa wapi. Maneno hayo sisi tunayaita sifa. Nimeyashika kwa miaka katika ofisi yetu ndogo pale Ufukoni, tunakotunza vipimo vya maji ya bahari, na nilidhani hayana tena cha kunishtua.

Mwenzangu wa ofisini alihamia Mtwara kutoka Tabora, yeye na mkewe, ambaye ni mwalimu wa baiolojia. Ni mwepesi wa kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, na mwepesi zaidi wa utani. "Dada," alikuwa akiniambia, "mimi nimekulia kwenye asali. Hayo mambo yenu ya maji kujaa na kupwa nayajua kwa kompyuta tu."

Asubuhi hiyo alinijia na swali zuri. Alikuwa ameunganisha faili la vipimo vya bandarini na faili la zamani la mdomo wa Ruvuma. Sasa alitaka mistari michache ya msimbo ya kupachika sifa kwenye mafaili yote kwa mkupuo: jina la kituo, kina, tarehe ya kusahihishwa. Nilifurahi, kwa sababu watu wengi huona sifa ni mapambo. Nikavuta kiti.

"Kabla hujaandika chochote," nikamwambia, "kwanza muulize faili ana nini tayari. Ukiandika juu ya kilichokuwepo, cha zamani hakikwambii kwaheri."

"Kama mpangaji wa Magomeni anayehama usiku na kodi ya watu," akasema.

Tukacheka. Nikafungua faili la zamani upande wa kushoto wa skrini na lile lake jipya upande wa kulia, nikaandika mstari mmoja wa kuchapisha sifa za safu ya muda. Kulia pakaandikwa: dakika, tangu usiku wa manane. Kushoto pakaandikwa: saa, tangu kupambazuka, sita ni adhuhuri.

Nilisoma mara ya pili.

Bwana aliyekuwa akisoma nguzo ya kupimia maji kule mdomoni mwa mto, ambaye sasa amestaafu, alihesabu saa kama tunavyozihesabu sote nyumbani. Jua likiwa kichwani ni saa sita, basi aliandika sita. Hakukosea. Tena alijua kwamba kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane, ndiyo maana akaacha maelezo kwenye sifa, wazi kabisa.

"Huu usiku wa manane umetoka wapi?" nikauliza.

"Nilizidisha saa mara sitini ili zilingane na za bandarini," akasema polepole. "Matokeo yakaja matupu, bila sifa. Programu ikakataa kuunganisha safu isiyo na kipimo, nikaiandikia. Kila mtu huanzia usiku wa manane, Dada."

Hapo ndipo penye tabia ya programu hizi ambayo wengi hawaijui: ukifanya hesabu juu ya safu, nyingi hukurudishia namba na kuangusha lebo. Hazipigi kelele wala hazionyeshi kosa.

Sasa fikiria maana yake. Bahari yetu hujaa na kupwa kwa saa sita na ushei. Ukikosea saa moja, utalowa. Ukikosea saa sita, umeigeuza bahari yote: maji yanapojaa, mchoro wako unasema yanapwa.

"Ule mchoro wa makadirio ya maji ya leo uliompa wifi yangu, mkeo," nikamwuliza, "uliutoa kwenye faili lipi?"

Utani ulimtoka usoni kama taa iliyozimwa. "Hili jipya."

"Yuko wapi?"

"Mdomoni mwa Ruvuma na darasa lake. Wanavuka kwa miguu kwenda kwenye fungu la mchanga, kuangalia mikoko." Akatazama saa ya ukutani. "Wanaingia majini saa nne."

Saa nne ilikuwa imeshapita. Mchoro ulisema maji yatakuwa chini kabisa saa saba mchana. Kweli yake ni kwamba saa saba yangekuwa juu kabisa. Na ubaya wa saa nne ni kwamba maji huwa nusu. Nusu ya kujaa na nusu ya kupwa zinafanana kwa macho ya mgeni. Angeona kimo kile kile alichoahidiwa na mchoro, awaingize watoto, asubiri maji yapungue.

Akapiga simu. Haipatikani. Kule simu hukamata mtandao wa ng'ambo, mtu yuko Tanzania anakaribishwa Msumbiji. Akapiga tena.

Ikaita. Akaiweka kwenye spika.

"Mume wangu, kuzuri huku!" Nyuma yake watoto walikuwa wakipiga kelele na maji yakichapa. "Tuko katikati, maji ya magoti. Wawili hapa wanabishana, mmoja anasema yanajaa, mwingine yanatoka. Nimewaambia mchoro wako ndio utaamua."

"Rudini!"

"Nini?"

"Yanajaa! Mchoro umegeuka! Rudini sasa hivi, mshikane mikono!"

Ikaja sauti yake ya darasani, kali, ikiwaita watoto kwa safu. Simu haikukatwa. Tulisikiliza maji yale tukiwa kwenye viti vyetu vikavu, mpaka aliposema, akihema, kwamba wote wamekanyaga mchanga, na wafupi walifikiwa kiunoni.

"Nikirudi," akaongeza, "utanieleza vizuri, fundi wa kompyuta."

Mwenzangu akaegemeza paji la uso mezani. Nilimshika bega. Kazi ilikuwa bado ipo, tukaifanya pamoja, na nawe unaweza kuifanya. Kabla ya hesabu, chapisha sifa za kila safu na uzihifadhi kando. Fanya hesabu yako. Kisha zirudishe, ukirekebisha kipimo na mwanzo wa muda, na uzichapishe tena. Ukikuta safu haina kipimo, usiijazie kwa kubahatisha: funga faili jipya, fungua la zamani, usome limeandikwa nini.